Je, kampuni moja kubwa ya stima ingeshusha bili? Jibu kutoka kinuni, Nakuru

Habari zenu wanajukwaa.

Nimesoma swali la ndugu yetu wa Kisumu anayetaka kufungua kiwanda cha barafu ya samaki upande wa Dunga. Anauliza kwa nini Kenya isirudishe KenGen inayozalisha stima, KETRACO inayojenga laini kubwa na Kenya Power inayouza kuwa kampuni moja, izalishe, isafirishe na iuze yenyewe, kama EDF ya Ufaransa au TANESCO ya majirani zetu Tanzania. Hoja yake ni kwamba kila mlango stima inapopita kuna mtu anayechukua chake, basi milango ikipungua bei itapungua. Wengine hapa wamemjibu anunue sola asahau gridi. Kwa kiwanda cha barafu hilo si jibu, na swali lake linastahili kujibiwa kwa kina.

Nilianza kazi nikipanda nguzo na mkandarasi huko Vihiga na Kakamega. Tangu 2009 nasimamia mitambo ya kinu cha mahindi hapa Industrial Area, Nakuru. Bili ya stima hupita mikononi mwangu kila mwezi kabla ya mwenye kinu kutia saini, na mengi ninayoyajua kuhusu biashara hii nimeyachota humo.

Nianze na Desemba 2017. Ilikuja bei mpya ya wateja wakubwa: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi, Jumamosi kuanzia saa nane mchana, na Jumapili siku nzima, uniti inauzwa nusu bei. Mwenye kinu akaniita ofisini. "Fundi," akasema, "stima ya usiku si ndiyo hii hii ya mchana? Kwa nini mtu auze nusu bei kitu kile kile?"

Nilimpeleka dirishani nikamwonyesha Menengai. Chini ya ule mlima kuna mvuke, na kule Olkaria, Naivasha, mvuke kama huo umekuwa ukizungusha mitambo tangu 1981. Kisima cha mvuke si bomba la jikoni. Ukishakichimba, hukifungi jioni na kukifungua asubuhi kama mfereji wa nyumbani; kinataka kutoa mvuke mchana na usiku bila kukatizwa. Gharama yake karibu yote ililipwa siku ya kuchimba na kujenga. Jioni Wakenya wote wanawasha taa, wanapiga pasi, wanatazama habari, na nchi inavuta zaidi ya megawati 2,000. Ikifika saa nane usiku matumizi yamekaribia nusu ya hapo. Mvuke bado unapanda. Usipopata mteja, unauachilia hewani. Kwa hiyo uniti ya saa nane usiku inayouzwa nusu bei ni pesa ambayo vinginevyo ingepotea, ilhali uniti ya saa mbili jioni huenda imetoka kwenye injini inayochoma mafuta yaliyonunuliwa kwa dola.

Mzee alielewa mara moja, kwa kuwa ni mtu wa mahindi na anajua gharama ya ghala lisilo na gunia ndani. Tukahamisha shifti moja ya kusaga iwe ya usiku. Tukakodisha matatu ya kuwaleta na kuwarudisha wafanyakazi, akina mama hasa, wanaokaa Kaptembwo na Lanet. Bili ya mwezi wa kwanza ikaja, punguzo hakuna. Nikairudia barua ya bei mpya mstari kwa mstari, nikaona kitu nilichokuwa nimekipita haraka: nusu bei ni ya anayeongeza matumizi juu ya wastani wake wa zamani. Sisi tulikuwa tumehamisha tu. Muuzaji alitaka mteja mpya wa usiku, na mteja wa zamani aliyebadilisha saa hakumsaidia.

Ndipo tukaweka mashine ya kusaga chakula cha ng'ombe. Wafugaji wa Njoro, Bahati na Rongai walikuwa tayari wanatuulizia pumba. Tukaanza kuchanganya chakula kamili, usiku mtupu. Punguzo likaonekana kwenye bili. Biashara hiyo ya chakula cha mifugo ingalipo, na ilizaliwa na kifungu kimoja cha bei ya stima.

Sasa nirudi kwa swali. Kampuni kubwa iliyounganika, yaani yenye mitambo, nyaya na wateja chini ya paa moja, faida yake kuu haitoki kwenye kupunguza milango. Inatoka kwenye uhakika. Kituo cha stima hulipwa kwa miaka 30 au 40. Anayekopesha fedha za kukijenga anauliza swali moja tu: nani atanunua? Kampuni yenye wateja wake yenyewe inajibu: ninao tayari, na wanalipa kila mwezi. Hivyo inakopa kwa riba nafuu, na katika biashara ambayo karibu gharama yote ni mtaji, riba ndiyo bei. Halafu mifuko yake inafunikana. Mwaka bei ya jumla ikipanda, upande wa mitambo unavuna na upande wa kuuza unaumia. Mwaka ikishuka, inakuwa kinyume. Mfuko wa nyaya uko katikati ukiingiza mapato yaliyopangwa na msimamizi wa serikali, kidogo kidogo, mvua inyeshe jua liwake.

Hiyo ndiyo EDF. Ilianzishwa 1946 serikali ya Ufaransa ilipotaifisha makampuni mengi ya umeme na kuyafanya moja. Kuna mtu pale naamini kila anayelipa bili kubwa ya stima angefaa kumjua, Marcel Boiteux, mwanahisabati na mchumi aliyeiongoza kampuni hiyo kuanzia 1967 hadi 1987 na kufariki 2023 akiwa na miaka 101. Mwaka 1949 alikwisha kuandika hoja yake: anayetumia stima saa ya kilele ndiye anayesababisha kituo kipya kijengwe, basi yeye ndiye alipie ujenzi; anayetumia saa nyingine alipie gharama ya kuendesha tu. Barua ile ya bei ya usiku iliyofika kinuni kwetu ni mjukuu wa hoja hiyo.

Na Wafaransa hawakuishia kwenye karatasi. Baada ya 1974, mafuta yalipopanda, waliamua kujenga vinu vya nyuklia kwa wingi. Kinu cha nyuklia kinafanana na kisima cha Olkaria kwa jambo moja: gharama iko mbele, na kinapenda kufanya kazi bila kusimama. Usiku ungekuwa mzigo. Lakini nyumbani kwa wateja kulikuwa na matangi ya maji ya moto yanayowaka usiku kwa bei ndogo na kuhifadhi joto hadi asubuhi, na EDF iliyaeneza nchi nzima. Kampuni ikapata ghala la stima yake ndani ya mabafu ya watu. Hapo ndipo paa moja lilisaidia kweli kweli: aliyeamua kujenga mtambo ndiye aliyepanga bei, naye ndiye aliyemshawishi mteja kununua tangi.

Lakini itazame EDF hiyo hiyo mwaka 2022. Mabomba ya vinu kadhaa yakakutwa na nyufa za kutu, vinu vikazimwa kwa ukaguzi, na uzalishaji wa nyuklia nchini ukashuka hadi uniti bilioni 279, kutoka takriban bilioni 361 mwaka uliotangulia. Wateja walikuwa wameshaahidiwa stima. Kampuni ikalazimika kuinunua sokoni mwaka ambao vita vya Ukraine vilikuwa vimepaisha bei, huku serikali ikizuia bei ya wananchi isipande zaidi ya asilimia 4 na sheria ikiilazimu kuwauzia washindani sehemu ya umeme wake kwa yuro 42 kwa kila uniti 1,000. Hasara ya mwaka ule ilikuwa yuro bilioni 17.9. Mwaka uliofuata serikali ikamaliza kununua hisa zote. Bili za wananchi hazikulipuka, ni kweli, ila walipa kodi ndio waliobaki wamesimama nyuma ya deni. Ukiwa na paa moja, mvua ikipenya inalowesha kila kitu kilichomo.

Hapa kwetu paa lilikuwa karibu moja kwa muda mrefu. Kampuni ya East African Power and Lighting iliundwa 1922 kwa kuunganisha zile za Mombasa na Nairobi. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilipofunguliwa 1954, magharibi yetu ilipitiwa na laini ya kutoka Tororo iliyoleta stima ya Uganda hadi Nairobi. Jina likageuka kuwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983. Mgawanyo ulikuja 1997, uzalishaji ukatengwa na baadaye ukaitwa KenGen, na mwaka 2008 KETRACO ikaundwa kujenga laini kubwa. Serikali bado ina asilimia 70 ya KenGen na asilimia 50.1 ya Kenya Power, kwa hiyo mwenye nyumba hajabadilika. Alichofanya ni kuweka kuta kati ya vyumba.

Ukuta ulileta mikataba. Mzalishaji binafsi, au hata KenGen, anasaini na Kenya Power mkataba wa miaka 20 au 25 wenye malipo ya aina mbili: malipo ya uniti zilizotolewa, na katika mikataba mingi malipo ya kuwa tayari, ambayo hulipwa mtambo ukiwa mzima hata kama haukuitwa. Mengi ya hayo yako kwa dola au yuro. Ndiyo maana kwenye bili yako kuna mstari wa fedha za kigeni unaopanda shilingi ikidhoofika, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2024 dola ilipofika kama shilingi 160. Watu huona mstari ule wakadhani ni ujanja wa karani. Ni hatari ambayo mtu fulani ilibidi aibebe, na mkataba ulisema abebe mteja.

Hapa ndipo namuunga mkono ndugu yetu kwa nusu. Yupo mfano wa mlangoni kwake, Muhoroni. Kwa miaka mingi magharibi ilikuwa mwisho wa nyaya ndefu zilizolemewa, na mtambo wa Muhoroni uliwekwa uchome mafuta ghali ili volti za Kisumu na kwingineko zisianguke jioni. Suluhisho la kudumu lilijulikana: laini ya Olkaria, Lessos hadi Kisumu, kwa mkopo wa Japani. Mafuta ya Muhoroni yalilipwa na wateja kupitia mstari wa mafuta kwenye bili. Laini ilikuwa ya taasisi nyingine, kwenye bajeti nyingine, ikikwama kwenye fidia za mashamba. Hakuna meza moja ambapo mtu angeweka karatasi mbili kando kwa kando na kusema kila mwezi laini inapochelewa tunachoma kiasi hiki, basi wenye mashamba walipwe leo. Kampuni moja yenye akili ingeiona hesabu hiyo asubuhi ya kwanza. Vilevile mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikamilika ikasubiri laini ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa, na fidia ikalipwa kwa stima ambayo haikuwa na njia ya kufika.

Nasema "yenye akili" kwa makusudi. TANESCO ni paa moja. Ina bwawa jipya la Julius Nyerere la megawati 2,115, kubwa kuliko nchi nzima inavyohitaji siku nyingi. Hata hivyo mwaka 2025 Rais Samia alieleza mpango wa kununua stima ya Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa sababu bwawa liko mbali na umeme mwingi unapotea njiani. Umbali hauangalii nembo ya kampuni. Uganda walifanya kinyume: shirika lao likagawanywa vipande vitatu 2001, usambazaji ukakodishwa kwa kampuni binafsi iitwayo Umeme kuanzia 2005, upotevu ukashuka sana, lakini bei ikabaki ikilalamikiwa, na Aprili 2025 kazi ikarudi mikononi mwa kampuni ya serikali. Wao wameonja vyote viwili.

Jambo ambalo kuunganisha hakutaligusa ni lile nililoliona kwa macho nikiwa juu ya nguzo. Katika kila uniti 100 Kenya Power inazonunua, zaidi ya 20 hazileti pesa, nyingine zinapotea kama joto kwenye nyaya, nyingine zinaibwa. Mwaka 2015 ada ya kuunganishwa ilishuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na vijijini kulijaa mita. Nilifurahi, na bado nafurahi. Mama yangu alipata taa mwaka ule. Ila ukivuta waya mwembamba kutoka transfoma moja ukapita boma baada ya boma kwenye vilima vya Vihiga, taa ya mwisho inakuwa nyekundu saa mbili jioni, na joto linalopotea kwenye ule waya hulipwa na mtu. Mteja wa pale anatumia uniti chini ya 30 kwa mwezi, kundi linalouziwa kwa bei ya chini kabisa kwa haki. Nguzo, waya na transfoma yake haziwezi kulipwa na uniti 30. Lazima awepo mteja mwingine anayenunua nyingi, na anayezinunua wakati mvuke unakosa kazi. Ningepewa dakika tano na wanaopanga sera, ningeziweka zote hapo: watafute wateja wa usiku kwanza, majina ya makampuni baadaye. Bei ya magari na bodaboda za umeme iliyowekwa Aprili 2023, shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na 8 usiku kabla ya tozo, inafuata njia hiyo hiyo na naiona ni hatua njema.

Na wewe, ndugu wa Dunga, ndiye mteja huyo. Barafu ni stima iliyohifadhiwa. Unaigandisha saa tisa usiku, unaiuza saa moja asubuhi mbuta na ngege wakishushwa. Tangi la maji ya moto la Wafaransa, kwako ni chumba cha barafu chenye kuta nene.

Hesabu zako zianzie hapa. Katika joto kama la Kisumu, tani moja ya barafu hula kati ya uniti 55 na 85 kutegemea ni ya vipande vikubwa au ya vipande vidogo vyembamba. Chukua 75. Mpaka wa kundi la biashara ndogo ni uniti 15,000 kwa mwezi, yaani kama tani 200, chini kidogo ya tani 7 kwa siku. Ukipanga tani 3 utabaki kwenye biashara ndogo, basi usijenge mpango wako juu ya nusu bei ya wateja wakubwa. Ukipanga tani 10, kabla hujanunua mashine omba kwa maandishi jinsi mteja mpya asiye na wastani wa zamani anavyopimwa kwa saa za usiku, na jibu lake uliweke kwenye faili la benki. Sisi tulipoteza mwezi mzima kwa kutosoma sharti hilo.

La pili, kompresa zako ni mota, na mota huvuta mkondo wa ziada usiofanya kazi yoyote ila kuzunguka kwenye nyaya. Kipimo chake ni pawafakta. Ikishuka chini ya 0.9, kila asilimia moja ya upungufu inakutoza asilimia 2 zaidi. Mwaka 2012 kapasita za kinu chetu, vifaa vinavyoipandisha pawafakta, zilikufa bila mimi kuziangalia, tukashuka hadi 0.82. Piga hesabu: tozo ya asilimia 16, kwa kifaa ambacho bei yake ilirudi ndani ya miezi mitatu. Tangu siku hiyo ninafungua lile sanduku kila Jumatatu.

La tatu, jenga chumba cha barafu kikubwa kuliko unavyodhani unahitaji, kitoshe mauzo ya siku moja na nusu. Ukiwa na hifadhi hiyo unaweza kuzima kompresa kabisa kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Ukishapata vipimo vya mashine unayoitazama, viweke hapa. Nitakaa navyo jioni moja nikupigie hesabu ya kapasita na ya ukubwa wa waya.